TV inakata mvua ikinyesha? Mwongozo kamili wa kutafuta tatizo la dishi kwa sisi tulioko Uganda

Watu wengi mvua ikianza, picha ikavunjika vipandevipande alafu kioo kikaandika hakuna signali, wanasema tu "ni mvua hio" na wanaishi hivo mwaka baada ya mwaka. Mvua kubwa kweli inakata signali, hilo halina ubishi. Lakini dishi lililofungwa vizuri linatakiwa likate dakika chache tu wakati wa ile mvua ya kumwaga yenyewe, sio kila manyunyu. Kama kwako linakata wingu likitanda tu, au mvua imeisha saa nzima na kioo bado cheusi, basi kuna ugonjwa kwenye dishi lako ambao ulikuwepo hata jua likiwaka, na huo unatibika, mara nyingi kwa spana, tepu na koneka mbili. Tutautafuta pole pole kuanzia ndani ya nyumba mpaka juu kwenye dishi.

Kabla hatujagusa kitu, elewa mvua inafanya nini

Setilaiti ya TV iko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka hapa chini, na signali yake ikifika kwako imeshakuwa dhaifu sana. Hizi za majumbani zinatumia masafa ya Ku, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambapo wimbi moja lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Matone makubwa ya mvua yanameza sehemu ya signali hio na nyingine yanaitawanya pembeni, kwa hio kinachofika kwenye dishi kinapungua, na mvua ikizidi kinaweza kupungua zaidi ya nusu kwa kila kilomita inayopita ndani ya mvua.

Sasa kitu muhimu ni hiki. Enzi za antena za analogi signali ikipungua uliona chenga, ukajua mapema. Digitali haina hio tabia, picha inabaki safi kabisa mpaka signali ishuke chini ya kiwango fulani, alafu inakatika ghafla. Manake yake dishi linaweza kuwa limehama kidogo, koneka imeoza, na siku ya jua wewe unaona picha safi tu unafikiri mambo sawa, kumbe uko juu ya kile kiwango kwa kidole tu. Ile nafasi kati ya signali uliyonayo na kiwango cha kukatika mimi naiita akiba. Mvua inakula akiba, na ukiwa na akiba ndogo manyunyu yanaimaliza. Karibu kila kitu kwenye mwongozo huu ni kazi ya kurudisha akiba.

Alafu kuna mambo ya kwetu hapa. Kampala iko karibu juu ya ikweta kabisa, na setilaiti ambayo dishi za DStv huku zinaelekea iko digrii 36 mashariki, karibu na longitudo yetu, yaani karibu juu ya kichwa, kama digrii 86 kutoka usawa wa ardhi. Ndio maana dishi hizo ukiziangalia juu ya nyumba zimelala kama beseni linalokinga maji. Azam inatumia setilaiti iliyoko digrii 7 mashariki, mbali upande wa magharibi mwa longitudo yetu, kwa hio dishi lake linatazama magharibi, limeinuka kama digrii 60. Ukienda Arua au Mbale namba zinabadilika kidogo tu, sio sana.

Hii tofauti inaeleza vitu vingi ambavyo watu wanabishania. Signali ya dishi linalotazama magharibi inapita kwenye mvua kwa mshazari, na sehemu yenye matone ya maji inafika urefu wa kilomita 4 hivi juu yetu, kwa hio wingu lililoko kilomita 2 magharibi mwako tayari liko njiani. Uko Ntinda pakavu kabisa, mvua inamwaga Bukoto, TV yako inakata, na mvua ikishafika kwako picha inaweza kurudi yenyewe! Sio uchawi wala dekoda mbovu. La kutazama juu linakata mvua ikiwa juu yako hasa, lakini lina shida yake nyingine ya maji kutuama na kuingia kwenye koneka, tutaifikia.

Hatua ya kwanza: andika namba siku ya jua

Hii hatua watu wanairuka na ndio yenye faida kuliko zote. Siku ya jua, mchana, ingia kwenye menyu ya dekoda, tafuta sehemu ya setingi au taarifa za signali. Utaona mistari miwili, mmoja umeandikwa Strength na mwingine Quality. Strength ni nguvu ya kila kitu kinachoingia, pamoja na kelele, yaani mawimbi mengine yasiyo na picha. Quality ni ubora, ni kiasi gani cha hio signali kinasomeka. Unaohusu mvua ni wa Quality. Nimeona nyumba ambazo Strength iko juu kabisa na Quality inalegalega, na mwenye nyumba ameambiwa na fundi kwamba signali ni nyingi sana hapa shida ni mvua. Hapana.

Andika hizo namba mahali, kwenye karatasi ubandike nyuma ya dekoda au upige picha na simu. Angalia chaneli tatu nne tofauti, zikiwemo za HD, kwa sababu chaneli hazitoki zote kwenye transponda moja (kifaa cha setilaiti kinachorusha kundi moja la chaneli). Usilinganishe asilimia zako na za jirani mwenye dekoda ya aina nyingine, kila dekoda inahesabu kivyake. Linganisha na zako mwenyewe, leo na mwezi ujao, jua na mvua. Kama siku ya jua Quality inarukaruka bila kutulia, usingoje mvua, anza kazi leo.

Hatua ya pili: mvua ikinyesha, angalia saa na usiguse kitu

Wakati imekata, kitu cha kwanza cha kuacha ni kurisiti dekoda au kutafuta chaneli upya. Dekoda haina signali kwa wakati huo, ukiiambia itafute chaneli haitapata, na nyingine zitafuta hata zile zilizokuwepo, alafu mvua ikiisha unakaa bila kitu na unaanza kumpigia fundi kwa tatizo ulilolitengeneza kwa rimoti.

La pili ni radi. Uganda tuko kwenye eneo lenye radi nyingi sana duniani, na Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya kule Kiryandongo ikaua watoto 18. Ukisikia ngurumo zinakaribia chomoa dekoda na TV ukutani kabisa, sio kuzima na rimoti. Waya wa dishi uchomolewe mapema mawingu yakianza kukusanyika. Radi ikishaanza kupiga karibu usiushike tena huo waya, uache. Na hakuna mpira wa ligi wala tamthilia ya kumpandisha mtu juu ya mabati yenye maji. Nasema hivi kwa sababu vijana wanapanda, hasa Jumamosi jioni watu wakiwa wamelipa kiingilio kwenye kibanda na wanapiga kelele. Mabati yanateleza, na pale juu mara nyingi waya wa umeme unaoingia nyumbani uko karibu na mkono.

Wewe kaa chini uangalie saa tu. Imekata saa ngapi, mvua ilikuwa kubwa au ndogo, imerudi saa ngapi. Majibu yanaangukia hivi:

Ikikata kwenye mvua kubwa kabisa na kurudi yenyewe ndani ya dakika kumi, kumi na tano hivi, hio ni kawaida. Unaweza kuipunguza ukiongeza akiba lakini huwezi kuimaliza.

Ikikata kwenye mvua ndogo au mawingu tu, akiba yako ni ndogo: dishi limehama, LNB (kile kichwa mwisho wa mkono wa dishi kinachopokea signali) imechoka, dishi ni dogo, au kuna mti umekua.

Ikikata na isirudi mpaka jua liwake masaa kadhaa, au mpaka kesho yake mchana, hayo ni maji. Maji yameingia kwenye koneka, kwenye waya au ndani ya LNB, na yanakauka pole pole na jua. Hii ndio naikuta zaidi kuliko zote.

Ikikata upepo ukivuma hata kabla ya tone la kwanza, kuna nati imelegea au nguzo inacheza.

Na ikikata ghafla isirudi kabisa, siku mbili tatu, upepo umelisukuma dishi au LNB imekufa.

Alafu soma kioo kimeandika nini. Kwa wenye DStv, E48-32 ndio ya kukosa signali. E16 ni mambo ya malipo, mvua haihusiki hapo, usipande juu ya paa kwa ajili ya E16. Na kama unatumia GOtv au antena nyingine ya kawaida hio haitoki kwenye setilaiti, inatoka kwenye mnara wa ardhini, kwa hio mengi ya hapa hayakuhusu.

Hatua ya tatu: ndani ya nyumba

Mvua imeisha, pamekauka. Zima dekoda na uichomoe kwenye umeme kabla ya kufungua waya wa dishi. Dekoda inapeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia huo huo waya, ukigusanisha waya wa katikati na nyuzi za nje wakati imewashwa unaweza kuchoma sehemu ya kuingizia signali, na hapo gharama inakuwa nyingine.

Fungua koneka nyuma ya dekoda. Waya wa katikati uwe umenyooka, unang'aa, umetokeza milimita chache mbele ya koneka, na kusiwe na unyuzi hata mmoja wa nje unaougusa. Kama una spilita (kile cha kugawa waya mmoja kuwa miwili), au kiungo cha kuunganisha waya mbili, au soketi ya ukutani, vitoe vyote kwa muda upitishe waya moja kwa moja toka kwenye dishi mpaka dekoda. Ubora ukipanda ghafla umeshampata mhalifu. Hapa mjini mtu anaunganisha waya sehemu tatu akiutoa sebuleni mpaka chumbani, na kila kiungo ni mlango wa maji.

Kuhusu vile vifaa vya kuongeza signali vinavyouzwa madukani, vile vya kuweka katikati ya waya, kwa tatizo la mvua usinunue. Vinaongeza signali pamoja na kelele yake kwa kiasi kilekile, Strength inapanda wewe unafurahi, Quality inabaki palepale na mvua inakata kama jana. Kilichopotea kabla ya kufika kwenye dishi hakirudishwi na kifaa cha ndani ya nyumba.

Dalili moja nzuri ya kujua: ikiwa baada ya mvua chaneli nusu zipo na nusu hazipo, angalia waya kwanza. LNB ya kawaida inachagua chaneli za wima kwa volti 13 na za mlalo kwa volti 18. Koneka ikioza umeme unapungua njiani, 18 haifiki kamili, na kundi zima la chaneli linapotea wakati lingine liko safi.

Hatua ya nne: koneka za nje na waya, hapa ndio kwenye kazi

Panda ukiwa na mtu wa kushika ngazi. Nenda kwenye LNB, kile kichwa mwisho wa mkono wa dishi, ambako waya unaingia. Ondoa tepu yote. Usiridhike kwamba imefungwa tepu, tepu nyeusi ya umeme ikipigwa jua la miezi kadhaa inaachia gundi, maji yanaingia ndani alafu hayana pa kutokea, inakuwa mbaya kuliko isingekuwepo kabisa.

Fungua koneka uiangalie kwa karibu. Nzima inang'aa na ni kavu. Iliyoingia maji utaona unga mweupe au wa kijani, nyuzi za nje zimekuwa nyeusi, na waya wa katikati una madoadoa ya kijani au umekuwa mwembamba kama umeliwa. Shika waya uinamishe mdomo wake chini na uutikise. Kuna waya nimewahi kuinamisha hivo matone yakadondoka kwenye kiganja moja baada ya jingine, siku ya tatu toka mvua iishe. Waya kama huo hauponi kwa kukausha, maji yanasafiri ndani kati ya nyuzi na ganda kwa mita nyingi. Ukikata kipande cha nusu mita ukakuta nyuzi bado nyeusi, kata tena, na ukikuta bado basi badilisha waya wote.

Nunua waya wa RG6, na mwambie muuzaji akukatie kipande kidogo uone ndani. Nyuzi za nje ziwe nyingi zimefunika vizuri, juu ya karatasi ya alumini. Ule mwembamba laini wa RG59 uache. Waya uwe mmoja mzima, usizidi urefu unaohitaji, usiukunje kona kali.

Koneka za kusokota kwa mkono ndizo zinazouzwa kila mahali na ndizo zinazolegea na kuingiza maji. Ukipata za kubana kwa koleo lake lipa hio nyongeza, kwa upande wa nje sioni sababu ya kutumia zile nyingine. Kama huna namna zaidi ya za kusokota, chuna ganda vizuri, geuza nyuzi nyuma zote, sokota mpaka mwisho bila kukata nyuzi.

Kufunga maji kunaenda hivi. Kaza koneka kwa mkono alafu robo ya mzunguko kwa spana, usilazimishe. Tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, sio ya umeme. Ivute inyooke, anza kuzungusha kwenye waya chini ukipanda kuelekea LNB, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita, ili matabaka yapangane kama mabati na maji yateremke bila kuingia. Ukiikosa, silikoni kidogo kuzunguka koneka kwa nje inasaidia, lakini isiingie ndani kwenye waya wa katikati.

Kwa sisi wenye dishi za kutazama juu hapa pana jambo la ziada. LNB imeinamia dishi, na kutegemea ilivyofungwa, matundu ya koneka yanaweza kuwa yametazama ubavuni au hata juu, yaani mvua inaanguka moja kwa moja mlangoni. LNB nyingi zina kifuniko kidogo cha plastiki cha kuteremsha juu ya koneka, mafundi wanakitupa au wanakiacha wazi. Kiteremshe. Kama hakipo, kata chupa ya plastiki ya soda iwe kofia juu ya koneka tu, toboa pasipo na njia ya maji, ifunge isicheze na isizibe mdomo wa LNB.

Na hapo naomba niseme kuhusu kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Watu wanaivisha LNB yote kaveera wakiamini wanaikinga. Maji yanatanda juu ya ile kaveera mbele ya mdomo wa LNB, na signali sasa inabidi ipite kwenye utando wa maji, tena kaveera inapigapiga na upepo na jasho linajikusanya ndani. Itoe leo leo.

Mwisho wa waya, kabla haujaingia dirishani au chini ya paa, uache uning'inie kitanzi kinachoshuka chini kuliko tundu la kuingilia. Maji yanayofuata waya yatadondokea pale chini ya kitanzi badala ya kuingia ndani na kuishia nyuma ya dekoda.

Hatua ya tano: LNB, dishi na nguzo

Mdomo wa LNB una kifuniko cha plastiki. Jua letu linakipasua, ufa mwembamba kama unywele ambao huuoni mpaka usogeze jicho, na maji yakiingia humo LNB imekwisha, unaweza kuona ukungu kwa ndani. Nyigu nao wanapenda kujenga udongo wao pale, na udongo mkavu unapitisha kidogo lakini ukilowa unaziba. Futa kwa kitambaa laini, usikwangue kwa kisu.

LNB ikiwa na ufa badilisha, lakini nunua ya aina ileile. Dekoda za kurekodi zinaweza kuwa na LNB yake maalum, ukiweka ya kawaida baadhi ya chaneli hazitafanya kazi na utafikiri umeuziwa mbovu.

Dishi lenyewe: angalia kama kuna maji au majani yametuama upande wa chini, yasafishe. Angalia kama limepinda, simama pembeni ulinganishe kingo mbili kwa jicho, zinatakiwa zionekane mstari mmoja. Mkono wa LNB ukipinda hata kidogo unaharibu kila kitu, na ndege mzito kama kaloli akizoea kutua hapo anaupinda kweli, mjini Kampala hilo si la kushangaza. Angalia pia miti. Mwembe au mfenesi uliokuwa chini wakati dishi linafungwa umeshapanda, majani makavu yanapitisha kiasi na majani yaliyolowa yanazuia zaidi, kwa hio unaona tatizo ni mvua kumbe ni tawi. Wenye dishi la kutazama magharibi mliangalie hili zaidi.

Nguzo ishike kwa mkono uitikise. Ikicheza hata kidogo, kazi ya kulenga dishi haina maana mpaka uirekebishe. Ile ya kupigiliwa kwenye ubao wa mbele ya paa ndio mbaya kuliko zote, ubao unavimba na kusinyaa kila msimu na misumari inaachia. Ukutani kwa bolti za kupanua, au bomba la chuma lililozikwa na zege, ndio mahali pa dishi. Weka pima maji pande mbili, bomba liwe wima kabisa.

Hatua ya sita: kulenga upya

Usilegeze kitu kabla ya kuchora alama kwa maka ya kudumu pale dishi lilipo sasa, kwenye nguzo na kwenye mhimili wa kuinua. Ukipotea utarudi hapo. Mnatakiwa wawili, mmoja juu, mmoja mbele ya TV akisoma Quality kwa sauti au kwa simu, au beba TV ndogo na dekoda mpaka karibu na dishi, ndio rahisi zaidi.

Legeza nati kiasi cha dishi kusogea kwa kusukumwa tu. Sogeza kidogo sana upande wa kushoto, subiri sekunde kadhaa kwa sababu dekoda inachelewa kusoma, sogeza tena, mpaka Quality ishuke wazi wazi, tuseme toka 75 mpaka 60. Weka alama hapo. Rudi, pita katikati, endelea kulia mpaka ishuke tena kwenye 60 ileile, weka alama. Sasa liweke katikati ya alama hizo mbili. Hivi ndivyo unapata kilele chenyewe, kwa sababu juu pale namba ni tambarare, ukitegemea tu kuona kubwa unaweza kuliacha ukingoni na mvua ya kwanza ikakuangusha. Fanya hivo hivo kwenda juu na chini. Alafu zungusha LNB yenyewe kwenye kishikio chake, kidogo kidogo, huo mzunguko unatenganisha chaneli za wima na za mlalo na mafundi wengi hawaugusi.

Unapokaza nati, kaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, huku mwenzako anaendelea kusoma. Ukikaza moja mpaka mwisho dishi linavutwa upande wake na kazi yote inapotea. Dishi la sentimita 90 linaona kama digrii 2 tu za anga, hio sio nafasi kubwa.

Umefanya yote na bado?

Basi ongeza ukubwa wa dishi. Kinachokusanya signali ni eneo, kwa hio kutoka sentimita 60 kwenda 90 unapata zaidi ya mara mbili, mara 2.25 hasa. Kutoka 90 kwenda 120 unapata karibu mara 1.8. Kwa mwenye kibanda anayeonyesha mpira na watu wamelipa, mimi sioni biashara bila dishi la 120 kwenye bomba la zege. Kwa nyumbani 90 inatosha wengi. Ila dishi kubwa linakamata upepo zaidi na linaona sehemu nyembamba zaidi ya anga, nguzo ya zamani usiitumie.

Ukimwita fundi, muulize kabla hajapanda: utatumia koneka za aina gani, utafunga maji na nini, na nitaona Quality kabla na baada? Asiyetaka kukuonyesha namba mwache aende. Na uangalie mwenyewe kama anaondoka na kifuniko cha koneka kimeteremshwa.

Imekata na anga ni safi kabisa

Hii inachanganya watu kila mwaka hapa kwetu kwa sababu inatokea katikati ya misimu ya mvua. Karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba jua linapita juu ya ikweta, na sisi tuko juu ya ikweta, kwa hio kuna siku chache ambapo jua linakuwa nyuma ya setilaiti kabisa na kelele yake inafunika signali kwa dakika chache. Kwa dishi linalotazama juu inatokea karibu saa sita na nusu mchana, kwa lile la digrii 7 ni karibu saa tisa alasiri, kila siku saa zilezile kwa siku kadhaa. Ukiona hivo usipande, usilegeze nati yoyote, baada ya siku chache inaacha yenyewe. Na mara moja moja mvua iko kule kwenye kituo kinachorusha signali kwenda setilaiti, nchi nyingine kabisa: hapo mpigie jirani mwenye dishi kama lako, na kama nyote mmekata kwa wakati mmoja na kwenu ni jua, dishi lako halina tatizo.